Santuri za marehemu baba na chupa ya soda

Zipo nyumba ambazo kasha la santuri bado limo chini ya kitanda. Wengine wamerithi kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye kisomo chake cha Qur'an nzima kilitolewa kwenye santuri mwaka 1961. Wengine wana taarabu ya Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Siku kasha linapofunguliwa hutoka vumbi na ukungu, na mwenye pumu huanza kubanwa kifua palepale. Lifungulie uani, uzibe pua na mdomo, na watoto wakae mbali.

Wengi hukimbilia spiriti. Hapo ndipo hasara ilipo. Santuri za kale, zile nzito zinazovunjika kama kigae, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao sheleki, na spiriti huuyeyusha. Ukizipangusa nayo umeziua. Hizo zinataka maji na sabuni kidogo sana, kisha zikaushwe upesi. Zile za plastiki zilizokuja baadaye huvumilia spiriti kidogo, ingawa asiyependa kuiweka nyumbani atatosheka na maji na sabuni. Maji yasiwe ya chumvi, kwani yakikauka huacha weupe kwenye mistari. Pangusa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko, na karatasi ya katikati usiiloweshe.

Sasa tuje kwenye dawa inayobaki. Mtu huchanganya nyingi, kisha huimimina kwenye chupa ya soda na kuiweka kabatini. Maji na sabuni yakikaa huota vijidudu na utelezi, hata ukajikuta unapaka uchafu badala ya kuuondoa. Penye spiriti, kifuniko kikilegea spiriti huruka, yakabaki maji matupu. Changanya ya kutumia siku hiyo, inayobaki mwaga. Ya dukani ifuate tarehe iliyoandikwa; ikifanya utando au kubadilika harufu, itupe. Hata klorini ya kusafishia choo, ukishaichanganya na maji, kesho yake tengeneza nyingine.

Na ile chupa ya soda? Mtoto haoni dawa, anaona soda. Iache dawa katika chupa yake yenye maandishi, juu asikofika. Ikiwa ameshakunywa, usimtapishe wala usimlazimishe maziwa. Mkimbize hospitali, na chupa yenyewe uichukue ili daktari ajue alichokunywa.