Siku Milo Alipokwama

Paukwa! Pakawa! Palikuwa na Milo, mpiga mieleka wa mji wa Croton, kusini mwa Italia, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Huyu aliishi kweli, na alishinda mieleka ya Olimpiki mara 6. Lakini kisa wanachokipenda watu ni cha ndama. Wanasema Milo alimbeba ndama mabegani kila siku. Ndama akakua, naye Milo akazidi nguvu, hata siku moja wakamwona anatembea na fahali mzima.

Tamu, eh? Haya wajukuu, shikeni daftari tupige hesabu. Tuseme unanyanyua vyuma, na kila wiki unaongeza kilo 1 tu. Mwaka una wiki 52. Miaka 10 ikipita, umeongeza kilo 520! Mwaka 2021 Lasha Talakhadze wa Georgia alipandisha kilo 267 juu ya kichwa, na kabla yake hakuna aliyefika hapo mashindanoni. Basi msimulizi wa Milo katuficha kitu: siku alipokwama.

Kila mnyanyua vyuma hukwama. Miezi ya kwanza ni mteremko, kwa sababu ubongo unajifunza kuziamsha nyuzi za misuli ulizokuwa nazo tangu zamani. Ndiyo maana nguvu huja kabla mkono haujanenepa. Nyuzi zikishaamka, inabidi misuli yenyewe ikue, nayo haina haraka. Tena haikui ukiwa umeshika chuma. Mazoezi huichokoza tu. Hukua baadaye, umekula maharage yako na samaki, umelala.

Aliyekwama kwa kawaida hukasirika: anaongeza siku, anaongeza uzito, bega linaanza kuuma. Makocha wazoefu hupunguza kwanza. Wiki nzima vyuma vyepesi na usingizi wa kutosha. Kisha hubadilisha zoezi, au badala ya kunyanyua mara 5 kwa uzito mkubwa, mara 10 kwa uzito wa kadiri. Halafu wanapanda tena, kidogo kidogo.

Hapo kwenye kidogo kidogo, bingwa alikuwa Vasily Alekseyev wa Muungano wa Kisovieti. Kuanzia 1970 hadi 1977 aliweka rekodi za dunia 80, mara nyingi akiongeza nusu kilo tu. Inasemekana kila rekodi ilikuwa na zawadi yake ya fedha. Sasa nani angezimaliza zote kwa siku moja?