Homa ya siku tatu kwa mtoto: si kila mara ni malaria

Mtoto wa miaka minane ana homa tangu siku tatu. Kipimo cha malaria kimeonyesha hana vimelea. Amepewa parasetamoli, homa ikashuka, usiku ikapanda tena. Asubuhi tumbo linamuuma, anatapika, na macho yote mawili ni mekundu. Huko Goma, Bukavu, Beni au Bunia, wazazi wengi wangerudi kwenye duka la dawa kununua antibiotiki. Hapo ndipo wakati unapopotea.

Mwezi Aprili 2020, waganga wa Uingereza walitoa tahadhari juu ya watoto waliofika hospitalini na homa kali, moyo ukiwa umedhoofika na shinikizo la damu limeshuka. Wengi wao walikuwa wameambukizwa virusi vya korona wiki chache kabla. Tarehe 15 Mei mwaka huo, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilieleza namna ya kutambua ugonjwa huo, ambao unawashika watoto na vijana hadi miaka 19.

Ni ugonjwa wa nadra. Unatokea kwa kawaida wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi, hata kama mtoto hakuonyesha dalili yoyote ya Covid-19. Kinga ya mwili, iliyoamka kupigana na virusi, haitulii tena: inaanza kushambulia moyo, mishipa ya damu, tumbo na ngozi.

Mzazi aangalie nini? Kwanza, homa inayofikisha siku tatu au zaidi. Kisha dalili zinazofuatana nayo: macho mekundu yasiyo na usaha, vipele, midomo mikavu iliyopasuka, ulimi mwekundu, mikono na miguu kuvimba, maumivu makali ya tumbo, kutapika au kuhara. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mtazame mtoto kwenye mwanga wa mchana, na uchunguze pia viganja na nyayo.

Kama anapumua kwa shida, mikono na miguu ni ya baridi, amelegea, haamki vizuri, hawezi kunywa, anatapika kila kitu au amepata degedege, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitalini mara moja.

Dalili hizi zinafanana na za malaria, surua au tifoidi. Kwa hiyo si kazi ya mzazi kutaja jina la ugonjwa. Kazi yake ni kumweleza muuguzi mambo matatu: homa ilianza siku gani, mtoto amekwisha kupewa dawa zipi, na kama kuna mtu nyumbani aliyekuwa na mafua au kikohozi wiki zilizopita. Hata kama kipimo cha malaria kilikuwa chanya, homa ikiendelea baada ya kumaliza dawa, mrudishe mtoto akachunguzwe upya.

Hospitalini watapima damu na kuangalia moyo. Tangu Novemba 2021, OMS inapendekeza dawa za jamii ya kotikosteroidi kwa watoto waliolazwa na ugonjwa huu. Dawa hizo hazitolewi nyumbani bila munganga. Aspirini nayo usimpe mtoto mwenye homa kwa kujiamulia: inaweza kumdhuru ini na ubongo.

Watoto wengi wanaotibiwa mapema wanapona, na moyo wao unarudia nguvu zake. Basi hesabu siku za homa. Ikifika ya tatu, njia iwe ya kituo cha afya, si ya duka la dawa.