DEKI MBOVU INA JICHO ZIMA



Huenda nyumbani kwako kuna deki ya DVD iliyokufa. Zamani mlikusanyika jioni kuitazama. Siku moja ikaanza kukwama. Baadaye ikakataa kabisa kusoma. Sasa iko juu ya kabati na imejaa vumbi.

Usiitupe jalalani. Wala usiwape watoto waichezee. Ndani yake kuna lenzi ndogo iliyo safi sana. Lenzi hiyo inaweza kukuonyesha sura ya mdudu anayekula mahindi yako ghalani. Lakini ndani ya deki hiyo hiyo kuna vitu viwili vya hatari. Kimoja ni umeme uliojificha. Cha pili ni taa ya leza. Kwa hiyo soma makala hii mpaka mwisho kabla ya kushika bisibisi.

JARIBU KUIPONYA KWANZA

Mara nyingine deki haijafa. Lenzi yake imeshika vumbi au moshi tu. Mpelekee fundi wa redio aipanguse taratibu kwa pamba laini na kavu. Ikisoma tena, umeokoa fedha zako. Fundi akisema haiponi, ndipo tuendelee.

DEKI HUSOMAJE?

Sahani ya DVD ina upana wa sentimeta 12. Upande wake unaong'aa una vishimo vidogo sana. Vishimo hivyo vimepangwa kama kawa linavyosukwa: unaanza katikati na kuzunguka kwenda nje. Mistari yake ni myembamba mno. Katika milimeta moja tu kuna mistari zaidi ya 1,300.

Leza ni taa ndogo yenye mwanga mkali ulionyooka. Mwanga huo hupita katika lenzi. Lenzi huukusanya uwe nukta moja juu ya sahani. Mwanga hugonga vishimo, kisha hurudi. Jicho la umeme huupokea, na deki hugeuza habari hiyo kuwa picha na sauti.

Basi utaona kwamba lenzi inayoweza kusoma mistari myembamba namna hiyo si lenzi ya ovyo. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa.

KWANZA, UMEME

Chomoa waya ukutani. Kisha acha deki ikae siku nzima. Kwa nini? Karibu na mahali unapoingia waya kuna ubao wa umeme. Juu ya ubao huo kuna kitu kama kikopo kidogo. Kikopo hicho huhifadhi umeme. Deki inayotumia umeme wa ukutani huweza kubakiwa na nguvu ya zaidi ya volti 300 humo, hata baada ya kuchomolewa. Usiuguse ubao huo. Kama huna uzoefu, mwachie fundi kazi ya kufungua.

Kumbuka pia: deki ikiisha kufunguliwa, usiichomeke tena kwenye umeme.

TAMBUA KILA KIPANDE

Chini ya mahali panapokaa sahani utaona kichwa cha kusomea. Kinatembea juu ya reli mbili nyembamba za chuma. Fungua skrubu, toa reli, na kichwa kitatoka. Ndani yake kuna vipande hivi:

1. Lenzi ya juu. Ni ndogo kama punje ya mtama. Inatazama sahani. Mara nyingi ni ya plastiki, kwa hiyo hukwaruzika upesi.

2. Nyaya nne nyembamba kama nywele. Hizi huishikilia lenzi ya juu. Pembeni mwake kuna waya wa shaba uliozungushwa na sumaku mbili ndogo.

3. Kioo cha kugeuza. Kimelala kwa mshazari chini ya lenzi. Huupindisha mwanga uende juu.

4. Kioo cha nusu. Huweza kuwa bapa au mraba kama kipande kidogo cha sukari. Hupitisha sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Ukikitazama kwa pembe, huonyesha rangi.

5. Lenzi ya ndani. Huwa kubwa kuliko ile ya juu. Kazi yake ni kunyoosha mwanga.

6. Leza yenyewe. Mara nyingi imo katika kifuniko kidogo cha chuma chenye miguu mitatu au zaidi.

7. Jicho la umeme. Ni kipande kidogo bapa, chenye miguu mingi.

CHUKUA JICHO, ACHA TAA

Wewe unahitaji namba 1 na namba 5 tu. Zikate au zibandue polepole kwa kisu kidogo. Zishike kingoni kwa kibano. Usiziguse katikati kwa vidole, kwani jasho huzitia ukungu.

Namba 6 iache. Vijana wengine huunga leza na betri wapate kurunzi ya ajabu. Huo ni mchezo wa kupofuka. Jicho la mtu lina lenzi yake pia. Mwanga wa leza ukiingia, lenzi hiyo huukusanya uwe nukta moja nyuma ya jicho, kama unavyofanya juu ya sahani. Nukta hiyo huunguza. Mahali palipoungua sana hapaponi, na huenda usisikie maumivu yoyote.

Leza ya kusomea DVD ni nyekundu. Leza ya kusomea CD ni mbaya kwa namna nyingine: mwanga wake karibu hauonekani kabisa. Mtu hafumbi jicho, maana haoni kitu. Na leza za mashine zinazoandika DVD, kama zile za kompyuta, zina nguvu zaidi sana.

Usiichome wala usiiponde leza, kwa kuwa ndani yake kuna sumu ya aseniki, ingawa ni kidogo. Sumaku nazo ziweke mbali na watoto. Mtoto akimeza mbili, huvutana tumboni na kubana utumbo. Akizimeza, mpeleke hospitali mara moja, usisubiri dalili.

SASA TAZAMA

Lenzi ya ndani iweke karibu na jicho, kisha sogeza kitu mpaka kionekane wazi. Nyingi hukuza mara 10 hivi.

Lenzi ya juu hukuza zaidi. Ibane kwa kibanio cha nywele. Kisha ibandike mbele ya kamera ya simu kwa utepe wa gundi. Upande uliokuwa unatazama sahani ndio utazame mdudu. Mweke mdudu karibu sana, milimeta 1 au 2 tu kutoka kwenye lenzi. Mwangaze kwa pembeni. Utamwona ameijaza simu nzima.

Usitazame jua kwa lenzi yoyote. Utaunguza jicho.

Je, faida yake nini? Chota mahindi ghalani ukung'ute wadudu. Wadudu wawili wanafanana kwa macho matupu. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, hana mkonga. Mwili wake ni kama kipande cha kijiti, kichwa kimeinamia chini, na nyuma yake ni kama pamekatwa kwa kisu.

Dumuzi asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dawa inayomuua fukusi vizuri, iitwayo pirimifosi-methili, peke yake haimwezi sana dumuzi. Dumuzi huuawa na permethrini. Ndiyo sababu kuna dawa za unga zenye mchanganyiko wa zote mbili. Anayetia dawa bila kumjua mdudu huweza kupoteza fedha, na mahindi yakabaki unga. Mpige mdudu picha, kisha mwonyeshe bwana shamba kabla ya kununua dawa.

LENZI NDOGO, MAMBO MAKUBWA

Usidharau udogo wa lenzi hii. Katika mji wa Delft, Uholanzi, aliishi mfanyabiashara wa nguo aitwaye Antonie van Leeuwenhoek. Alitengeneza lenzi moja moja, ndogo sana, kwa mikono yake. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa na kuona viumbe vidogo vikiogelea. Hakuwa amesoma chuo kikuu. Alikuwa na lenzi nzuri na alikuwa na subira.

Wewe unayo lenzi kabatini. Itoe kwa uangalifu. Chukua jicho, acha taa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini tunaiacha deki siku nzima kabla ya kuifungua?
2. Kwa nini leza ya CD ni hatari ingawa mwanga wake hauonekani?
3. Taja tofauti mbili kati ya fukusi na dumuzi.
4. Katika maghala ya kijiji chenu, ni mdudu yupi aliye wengi? Mmejuaje?