Akili ya Zimwi, Akili ya Mnyama na Utu wa Binadamu katika Ngano za Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Msomaji wa ngano za Afrika Mashariki hukutana mara kwa mara na viumbe wasio watu ambao huishi pamoja na watu. Viumbe hao hula na watu, huwatumikia, huwashauri, na pengine huwaangamiza. Aghalabu husema kama watu wasemavyo. Yafaa basi kuuliza: akili ya viumbe hao ni ya namna gani ikilinganishwa na akili ya binadamu, na pia na akili ya mnyama tumjuaye porini au zizini?

Jibu lililozoeleka ni kwamba swali hilo halina haja ya kuulizwa, kwa kuwa mnyama wa ngano ni mtu aliyevikwa ngozi. Husemwa kwamba sungura ni mnyonge mwerevu, fisi ni mlafi, simba ni mtawala dhalimu, nalo zimwi ni adui wa jamii. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa si la uongo, halitoshi. Ziko ngano ambazo hupoteza maana yake yote pindi msikilizaji anaposahau kwamba mnyama ni mnyama, na zimwi ni zimwi. Ushahidi utatolewa kwanza katika sarufi, kisha katika ngano nne: tatu za Unguja, zilizomo katika mkusanyo wa Edward Steere uitwao Swahili Tales wa mwaka 1870, na moja ya Wagikuyu.

2. Ushahidi wa sarufi

Neno zimwi lina ndugu wengi katika lugha za Kibantu. Kigikuyu kina irimũ, na Kizulu kina izimu. Katika Kiswahili chenyewe kuna mzimu na kuzimu. Shina hili lahusu roho na makazi ya wafu. Kwa hiyo zimwi, kwa asili ya jina lake, si mnyama aliyekuzwa hadi akatisha, bali ni kiumbe kitokacho upande wa pili wa uhai. Umbo lake laweza kuwa la mtu au nusu mtu, lakini ukoo wake ni mwingine.

Pamoja na hayo, neno hili limo katika ngeli ya ji- na ma-, ambayo ndiyo pia ngeli ya ukubwa: jitu, joka, jibwa. Methali maarufu husema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kitenzi kilichotumika ni -jua, kitenzi cha akili, lakini kiambishi cha mtenda ni li-, si a-. Sarufi imelipa zimwi ujuzi, na papo hapo imelinyima upatanisho wa viumbe hai. Maana ya methali yaafikiana na umbo lake. Zimwi linakujua, na kujua huko kuna faida, kwa kuwa kunapunguza ulaji. Hata hivyo hakuuzuii. Ujuzi wa zimwi ni ujuzi usiofika kwenye huruma kamili.

Si kila msimulizi afuatavyo li-. Wengine husema zimwi akaja, zimwi akasema, na wengine huchanganya njia zote mbili katika ngano moja. Aghalabu wasahihishaji huyaona machanganyiko hayo kuwa makosa. Kabla ya kuyahukumu hivyo, ingefaa kutazama ni wapi msimulizi anapobadili kiambishi. Huenda zimwi linapojifanya mtu hupewa a-, na linaporudia umbile lake hurudishiwa li-. Jambo hilo lahitaji kuchunguzwa katika kanda zilizorekodiwa, si katika vitabu ambavyo wahariri wameshavisawazisha.

Linganisha na jini. Wingi wake ni majini, sawa na mazimwi, lakini upatanisho wake wa kawaida ni wa a- na wa-. Sababu yaweza kutafutwa katika dini. Kwa Waislamu, jini ni kiumbe mwenye akili aliyewajibishwa, awezaye kuamini au kukufuru. Sura ya 72 ya Kurani, iitwayo Al-Jinn, yaeleza juu ya majini waliosikiliza Kurani wakaamini. Kiumbe awezaye kuhukumiwa kwa matendo yake huwa karibu na mtu, hata akiwa na nguvu za kutisha. Zimwi halikuwajibishwa na yeyote, huuawa tu.

Mpaka mwingine umo katika kumilikisha. Katika Kiswahili sanifu husemwa rafiki yangu, ndugu yangu, jamaa yangu. Lakini husemwa mbwa wangu, paa wangu. Nomino zote hizo hufanana kwa umbo la ngeli, lakini kiambishi cha umilikishi huwatenga wale wenye uhusiano wa kijamii na wale wanaofugwa. Mnyama anaweza kumtumikia mtu maisha yake yote asivuke mpaka huo. Hilo ndilo jeraha la ngano ya paa, kama itakavyoonekana.

3. Ngano nne

3.1 Papa na kima

Kima alikaa juu ya mti wenye matunda ukingoni mwa bahari, naye papa akaja kila siku kutupiwa matunda. Wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kima kwao, akambeba mgongoni, na walipofika katikati akamwambia kweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba makima huacha mioyo yao mitini wanaposafiri. Papa akageuka kumrudisha akauchukue, na kima akaokoka.

Ngano hii imesafiri mbali. Katika Panchatantra ya Kihindi yupo mamba mahali pa papa; katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichofasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, yupo kasa. Mwambao ukamchagua papa, mnyama ambaye kila mvuvi humjua kwa meno yake. Kilichobaki popote ilipofika ni aina ya akili inayopimwa. Papa anajua kusema, kualika na kupanga safari. Asichoweza ni kukadiria fikira za mwenziwe. Anasema siri mapema, na anaamini jambo ambalo hata mtoto hacheki asipolisikia. Neno moyo lina maana mbili katika Kiswahili, kiungo cha mwili na makao ya nia; papa alijua ya kwanza tu.

3.2 Nunda

Sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakashitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi aachwe. Paka akaendelea kwa wanyama wakubwa zaidi, kisha kwa watu, na kila mara jibu likawa lile lile, hata akawa nunda, mla watu, na wana wa sultani wenyewe wakaliwa. Mwana mdogo ndiye aliyetoka kumwinda. Kila alipoua mnyama mwituni alimleta kwa mama yake akidhani ndiye, naye mama akamwambia siye, mpaka alipompata nunda wa kweli.

Katika ngano hii dubwana halikuzaliwa dubwana. Lilifugwa. Na kadiri mwili wake ulivyokua, ndivyo akili yake ilivyofifia, hata ikabaki shibe tupu. Nunda hana hila wala usemi unaokumbukwa. Upungufu mkubwa zaidi wa akili, hata hivyo, ni wa sultani, ambaye alidhani kumiliki ni sawa na kujua. Mwanawe, kinyume chake, alijifunza kumtambua nunda kwa kukosea na kusahihishwa. Hiyo ndiyo akili ya kibinadamu kama ngano inavyoiona: akili inayokubali kuambiwa siyo.

3.3 Zimwi mkunga

Ngano ya mke wa mhunzi hujulikana sana miongoni mwa Wagikuyu. Mhunzi alikwenda mbali kufua chuma, akamwacha mkewe mjamzito peke yake. Zimwi likaja likajifanya mwenza wa nyumba. Likamzalisha, likapika, likamkaribisha chakula kwa maneno ya adabu, na kabla mzazi hajanyosha mkono likakiondoa, likadai kwamba yeye ndiye aliyekataa, kisha likakila lenyewe. Mwanamke akadhoofu. Alipokuwa akianika mbegu za mbarika, njiwa akaja kula. Mwanamke akapatana naye: ale mbegu, ampelekee mumewe habari. Njiwa akaenda akaimba penye kiwanda mpaka wahunzi wakamwelewa. Mume akarudi kwa siri, akajificha, akaliua zimwi.

Viumbe watatu wamewekwa mbele ya msikilizaji, na wote watatu husema. Zimwi ndilo lenye lugha ya adabu kuliko wote. Linajua desturi ya kumtunza mzazi, na linajua namna ya kukaribisha. Lakini linautumia ukarimu kama mtego, likitimiza maneno yake na kuyavunja kwa pumzi moja. Njiwa ana lugha finyu, wimbo mmoja tu, na ujira wake ni mbegu chache; lakini alichoahidi anakitenda. Mhunzi naye hakujua lolote hadi alipoambiwa na ndege. Kama njiwa angekuwa mtu tu aliyevikwa manyoya, ngano ingekuwa habari ya jirani mwema. Nguvu yake yatokana na jambo hili: nyumba ya mtu iliokolewa na kiumbe asiyekuwa na wajibu wowote kwa nyumba hiyo, ila neno alilolitoa.

3.4 Paa wa maskini

Maskini aliyekuwa akichakura jaani aliokota thumuni, akanunua paa badala ya chakula, na watu wakamcheka. Paa akawa akitoka kula na kurudi jioni. Siku moja aliona almasi. Mawazo yake yamesimuliwa kwa urefu: akimpa bwana wake, watu watasema ameiiba, nao watamdhuru. Basi akaipeleka kwa Sultani Darai kama zawadi ya posa kutoka kwa bwana mkubwa. Akampatia bwana wake mavazi, mke, na mwishowe jumba, baada ya kumuua nyoka wa vichwa saba aliyelimiliki. Kisha paa akaugua. Akatuma ombi kwa bwana wake, naye bwana akaamuru apewe uji wa mtama. Mke alimhurumia, bwana hakujali. Paa akafa, akatupwa kisimani. Baadaye bwana akaamka akajikuta jaani, akichakura kama zamani, na mkewe akaamka nyumbani kwa baba yake.

Wataalamu wa ngano huiweka hii katika jamii moja na ile ya paka mwenye viatu, iliyochapishwa Ufaransa na Charles Perrault mwaka 1697. Mwanzo wao ni mmoja, ila mwisho umetofautiana sana. Paka wa Perrault huwa bwana mkubwa na kustarehe. Paa wa Unguja hufa kwa kutupwa. Ngano ya kwanza husifu werevu wenyewe. Ya pili huuliza werevu huo ulimtumikia nani, naye alilipa nini.

Hapa ndipo nadharia ya mtu aliyevikwa ngozi inaposhindwa. Paa akifanywa mtu, ngano inakuwa kisa cha mtumishi aliyedhulumiwa, na visa hivyo ni vingi. Akibaki paa, ubaya wa bwana unazidi: asiye mtu ameshika sheria ya watu, na mtu ameivunja. Akili zote za ngano hiyo zilikuwa kwa mnyama. Alipokufa, mali iliondoka pamoja naye, kwa kuwa bwana hakuwahi kuwa na cha kuishikilia.

4. Mizani tatu

Ngano hizi hupima akili kwa mizani tatu. Ya kwanza ni usemi, nayo haitofautishi sana, kwa kuwa karibu wote husema. Ya pili ni hila, yaani uwezo wa kujua mwenzako anafikiri nini. Hapa papa hushindwa, zimwi hufaulu, kima na paa hufaulu zaidi. Ya tatu ni ahadi, na hii ndiyo yenye uzito. Zimwi huporomoka, njiwa na paa husimama, naye binadamu huwekwa katika hatari, kwa maana yeye peke yake ndiye anayeweza kupoteza alichokuwa nacho. Kiswahili hukiita kitu hicho utu. Neno hilo lina shina moja na mtu, lakini si kila mtu analo.

Kufananisha na ngano mpya za mbali kwaweza kusaidia. Mwaka 1996 Wajapani walianzisha michezo ya Pokémon, ambamo mtu husafiri na madubwana wenza. Mmoja wao, Alakazam, anaelezwa kuwa na kipimo cha akili cha 5000, kiasi ambacho hakuna binadamu akikaribiaye. Hata hivyo wengi wao, katika filamu za katuni, hutamka majina yao tu, na Meowth husifika kwa kuwa anasema kama mtu. Katika michezo ya Gold na Silver ya mwaka 1999, hata urafiki wa dubwana na bwana wake huwekewa tarakimu iliyofichwa, ambayo hupanda na kushuka. Huko akili na mapenzi huhesabiwa, na usemi ndio adimu. Katika ngano zetu usemi ni wa wote, na kinachopimwa hakina tarakimu: kipimo chake ni bakuli la uji.

5. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili na ngano zake havimweki kiumbe katika daraja moja tu la akili. Sarufi hutenga kujua na utu, kama methali ya zimwi inavyoshuhudia. Ngano nazo hutenga werevu na uaminifu, na mara nyingi huweka uaminifu kwa mnyama ili kumwaibisha mtu.

Mambo mawili yafuata. Mwalimu afundishaye ngano hizi asiharakishe kumgeuza kila mnyama kuwa mtu, maana akifanya hivyo humwondolea mwanafunzi swali lenyewe. Na mkusanyaji wa ngano asisahihishe upatanisho wa msimulizi anapoandika. Akimsikia bibi akisema zimwi akacheka, kisha zimwi likamla, na aandike yote mawili kama yalivyotamkwa. Pengine bibi yule, kwa herufi chache, amekwisha kueleza tofauti ambayo makala haya yametumia kurasa nzima kuitafuta.