Kabla ya kuuliza wati, pima sebule

Msomaji ametuletea swali ambalo wauzaji wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue hulijibu kabla hata halijaulizwa. Ana shilingi laki 4 za Tanzania, runinga ya inchi 43 iko ukutani tayari, anataka sinema nyumbani: achukue sabufa gani? Ameongeza kwamba sebule yake ni mraba wa mita 4 kwa 4, kuta za tofali la saruji, sakafu ya vigae, dari iko mita 2.7 juu, na kwamba spika alizoazima kwa jirani zilimpa milipuko ya kutosha ila maneno ya waigizaji hayakusikika. Amefanya vyema kutaja vipimo, maana karibu jibu lote limo humo. Katika bajeti ya namna hii chumba ndicho chombo kikubwa kuliko vyote vitakavyopiga muziki humo ndani, na fedha inayonunua spika za wastani na kuziweka zinapostahili inafika mbali kuliko fedha maradufu inayonunua dude na kulisukumia pembeni ya kabati la TV.

Wati tuzimalize haraka, hazina utamu. Yale maelfu ya PMPO yaliyochapwa kwenye boksi hayabanwi na kipimo chochote. Kila kiwanda huandika kinavyopenda. Hata wati za kweli, za RMS, haziongezi sauti kama tunavyodhani. Ukizizidisha mara 2 unapata desibeli 3 tu, na ili sauti ionekane imekua maradufu unahitaji wati karibu mara 10. Spika ndogo ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 86 kwa umbali wa mita 1, na hapo mtu aliye karibu nayo keshaanza kupaza sauti ili asikike. Wati 20 au 30 za kweli zinaitosha sebule ya mita 4.

Sasa besi, ambayo ndiyo inayowauzia watu masanduku na ndiyo inayowaharibia filamu. Chukua karai la maji, ulishike kingo mbili, uliyumbishe taratibu. Ukiliyumbisha ovyo maji yanarukaruka tu. Ukiupata mwendo wake, yanapanda ukingo huu huku yakishuka ule, kisha yanageuza, na kila zamu yanazidi kupanda ingawa mkono wako haujaongeza nguvu. Mwendo huo hauamuliwi na mkono bali na upana wa chombo: karai pana linayumba taratibu, bakuli linayumba haraka, na Ziwa Geneva, ambalo François-Alphonse Forel alilichunguza katika karne ya 19, huchukua zaidi ya saa 1 kwenda na kurudi. Dondosha majani mawili majini. Jani la ukingoni linapanda na kushuka sana. Jani la katikati kabisa linatelezateleza huku na huku, lakini kimo chake hakibadiliki. Acha kuyumbisha, na maji hayakutii, yanaendelea kwa muda wao. Jaribu tena kwa kuchezesha kiganja juu na chini: ukikitumbukiza katikati mwendo ule hauanzi, ukikitumbukiza ukingoni unaanza mara moja. Badala ya kimo cha maji weka shinikizo la hewa, badala ya karai weka sebule, badala ya kiganja weka sabufa, na umekwisha kuijua nusu ya elimu ya besi vyumbani. Wapo wanaoliita wimbi la aina hii wimbi tuli, jina ambalo naona linapotosha, kwa kuwa halijatulia hata kidogo; linacheza palepale lilipo bila kwenda popote. Nitaliita wimbi mkazi.

Mwendo wa chumba hupatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 349 kwa 8, unapata karibu hezi 44. Sebule ya msomaji ina upana uleule, hivyo mawimbi wakazi mawili yanarundikana kwenye noti moja, na ndiyo maana mraba ni umbo baya kuliko yote ukiacha mchemraba. Lile linalohusisha jozi zote mbili za kuta linaangukia hezi 62, la sakafu na dari hezi 65, kisha yanakuja ya pili ya urefu na upana kwenye 87. Waya mnene wa gitaa la besi hulia hezi 41, unaoufuata 55, wa tatu 73. Mpiga besi akishuka na kupanda kwenye nyaya hizo, baadhi ya noti zitanguruma na nyingine zitafifia, kulingana na mahali ulipokaa. Kochi likiegemea ukuta, msikilizaji ni jani la ukingoni: 44 na 87 zinamfikia zikiwa kileleni. Kochi likiwa katikati ya chumba, 44 na 62 zinapotea kana kwamba sabufa imezimwa. Saruji inazidisha mambo. Kuta za mbao na bodi za jipsamu za nyumba nyingi za Marekani hutikisika kidogo na kula sehemu ya besi. Tofali la saruji linairudisha karibu yote. Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa ajili ya kuta zile.

Hapo ndipo maneno ya waigizaji yanapozama. Sauti nene yenye nguvu huzifunika nyembamba kirahisi kuliko nyembamba zinavyoweza kuifunika nene, na noti iliyonaswa na chumba huendelea kulia baada ya mlipuko wenyewe kwisha, kama maji yaliyokataa kutulia. Mwigizaji anaanza sentensi yake juu ya mabaki hayo. Mtazamaji anashika rimoti, anaongeza sauti ili apate maneno, na mngurumo unapanda pamoja nayo. Kisha anahitimisha kwamba spika hazina uwezo, anarudi dukani kutafuta kubwa zaidi.

Atajibu mtu kwamba kizuri ni kizuri, kiwekwe popote. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliripoti jaribio walilolifanya katika kampuni ya Harman, ambapo wafanyakazi wa kampuni walisikiliza spika zilezile mara mbili, kwanza zikiwa zimefichwa, kisha zikionekana. Mojawapo ilikuwa seti ya bei nafuu ya spika ndogo na sabufa. Nyuma ya pazia ilijitetea vizuri. Ilipoonekana, alama zake zilishuka, na za masanduku makubwa ya bei ghali zikapanda. La maana zaidi kwetu ni kwamba walipokuwa hawaoni, kuihamisha spika kutoka sehemu moja ya chumba kwenda nyingine kulibadilisha hukumu yao waziwazi. Walipokuwa wanaona, tofauti hiyo haikuwashughulisha tena. Macho yaliisikiliza bei, masikio yalikisikiliza chumba. Anayenunua kwa kutazama rafu ya duka yuko katika jaribio hilohilo, upande wa wanaoona.

Pingamizi la pili lina uzito kuliko la kwanza: filamu za kisasa hutayarishwa kwa njia 6 za sauti au zaidi, mtindo ulioenea tangu Dolby Digital ilipoingia sinema na Batman Returns mwaka 1992, kwa nini basi tuishie kwenye spika mbili na sabufa? Kwa sababu laki 4 zikigawanywa kwa 6 hazimtoshi yeyote. Spika za nyuma hubeba zaidi mvua, upepo na makelele ya umati. Hadithi na maneno viko mbele. Spika mbili nzuri zilizowekwa kulia na kushoto kwa TV humfanya aliyekaa katikati asikie mwigizaji anazungumza kutoka kwenye kioo chenyewe. Wa pembeni watavumilia. Saundi baa iliyounganisha kila kitu ndani yake naiondoa kwa sababu moja tu: besi yake imefungwa palepale TV ilipo, nasi tunataka uhuru wa kuihamisha. Na ekwalaiza ya kwenye simu? Inasaidia kupunguza noti iliyovimba. Noti iliyopotea haiwezi kuirudisha, maana pale shinikizo halibadiliki hata ukimimina nguvu kiasi gani. Kumbuka jani la katikati. Kuhusu sabufa moja kubwa, Todd Welti, naye wa Harman, alionyesha mwaka 2002 kwamba sabufa mbili katikati ya kuta zinazotazamana hutoa besi iliyo sawa zaidi kuliko moja kwenye kona. Viganja viwili kwenye kingo mbili za karai, vikishuka pamoja, haviwezi kuanzisha mwendo unaotaka upande mmoja ushuke huku mwingine ukipanda. Mbili ndogo zilizotumika ni wazo zuri kwa mwaka ujao.

Kwa sasa ni kutafuta mahali pa hiyo moja, na njia yake ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Tuna uhuru wa kuiweka karibu popote kwa kuwa wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4 na kichwa cha binadamu hakifiki hata sentimita 20. Masikio mawili yanapokea kitu karibu kilekile, na ubongo haujui kilikotokea. Ila sehemu za kujaribu ni nyingi: unaweka sanduku hapa, unakwenda kukaa, unasikiliza, unainuka, unalihamisha, na kabla hujafika ukuta wa pili umeshasahau ulichosikia. Hermann von Helmholtz alionyesha mwaka 1860, na Lord Rayleigh akaieneza zaidi katika The Theory of Sound, kitabu chake cha 1877, kanuni ambayo mara ya kwanza inaonekana kama mazingaombwe: chanzo cha sauti na sikio vikibadilishana nafasi, sikio hupokea kilekile. Chumba kiwe cha mraba au cha pembe saba, kabati liwe wapi, mlango uwe wazi au umefungwa, haidhuru, maana kila njia ambayo sauti iliifuata kwenda inafuatika kurudi kwa hasara ileile. Kwa hiyo sabufa ndiyo ikae kwenye kochi, pale kichwa chako huwa, na wewe ndiye uzunguke. Piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, urudie uleule, kisha pita kandokando ya kuta umeinama, sikio karibu na sakafu. Usitafute penye kishindo kikubwa, hapo ni konani na utapajua mara moja. Tafuta pale ambapo kila noti inatoka na uzito wake, hakuna inayovimba wala inayokimbia. Mahali hapo ndipo pa sabufa. Kazi nzima ni ya dakika 20 na haina gharama, ila watoto watakucheka.

Kwa hiyo msomaji achukue seti ya spika mbili na sabufa iliyo sanduku la peke yake, yenye kitufe chake cha besi. Nyuma aangalie mambo mawili: tundu la optiko au la HDMI ARC la kuunganisha TV, na nyaya za spika zinazochomoka, kwa sababu zile zilizogandishwa ndani ni fupi na zitamfungia sabufa chini ya TV. Mita 10 za waya wa spika anunue papo hapo. Seti ya spika tano za plastiki aiache hata kama bei ni ileile. Na kochi alisogeze sentimita 60 kutoka ukutani kabla hajaenda dukani. Huenda hata spika za jirani zikaanza kusema.