Je, Wajua? Umuganuro, Sikukuu ya Mtama ya Burundi

Je, wajua kwamba sikukuu kuu ya Burundi ya wafalme ilikuwa ya mtama? Iliitwa Umuganuro. Kila mwaka, kuelekea Desemba, Mwami, yaani mfalme, alibariki mbegu, ndipo wakulima walipoanza kupanda.

Je, wajua kwamba Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme, haikutolewa hadharani ovyo? Siku yake ilikuwa Umuganuro.

Je, wajua kwamba sherehe hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi za utawala wa Wabelgiji? Jirani za Warundi, Wanyarwanda, wameifufua ya kwao, Umuganura, na huiadhimisha Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Je, wajua kwamba bendera ya Burundi huru ya mwaka 1962 ilikuwa na ngoma na mmea wa mtama? Ufalme ulipoangushwa mwaka 1966, ngoma iliondolewa, mtama ukabaki. Nyota tatu za leo zilikuja mwaka 1967.

Je, wajua kwamba Gishora, karibu na mji wa Gitega, ngoma za Mwami Mwezi Gisabo zingali zinatunzwa? Ngoma huchongwa kwa gogo la mringaringa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Wapigaji hupanga ngoma nusu duara, moja ikiwa katikati, na idadi yake huwa witiri. UNESCO iliitambua sanaa hii mwaka 2014.

Je, wajua kazi iliyomo katika impeke, pombe ya mtama? Punje hulowekwa, huachwa zichipue, huanikwa, husagwa kuwa kimea, kisha hupikwa na kuchachushwa. Hunywewa kwa mirija, watu wakizunguka chungu kimoja. Asiyekunywa pombe hapungukiwi: mtama huohuo hutoa uji na ugali.

Je, wajua kwamba Wamising wa Assam, India, nao husherehekea kupanda? Sikukuu yao, Ali-Aye-Ligang, huanza Jumatano ya mwezi Februari kwa kutia mbegu za mpunga ardhini, kisha ngoma na apong, pombe yao ya mchele.

Msomaji wa Gitega, wapeleke watoto Gishora. Nawe wa Muyinga, mkalishe bibi au babu, umuulize mtama ulivyopandwa, ulivyovunwa na ulivyosherehekewa kwao, kisha uandike. Mila isiyosimuliwa hufa na wazee wake.