Bunduki Zimehesabiwa, Ardhi Bado

Nia-Nia, mkoani Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ni njia panda. Barabara inayotoka Kisangani inagawanyika hapa: tawi moja linapanda kaskazini kwenda Isiro, jingine linaelekea mashariki kupitia Epulu, Mambasa na Komanda hadi Bunia. Anayeishi hapa huwaona wote wapitao: malori ya bidhaa, magunia ya kakao, familia zinazokimbia mauaji, na magari ya miradi. Kwa zaidi ya miaka ishirini, miradi ya amani imemiminika Ituri, na vita navyo vimerudi. Tuna haki ya kuuliza kwa nini.

Tuanze na mwaka 2003. Mapatano ya Luanda ya Septemba 2002, kati ya Kongo na Uganda, yalikuwa yamepanga mambo vizuri: tume ya kutuliza Ituri ikutane, na majeshi ya Uganda yaondoke. Tume ilikutana Bunia mwezi Aprili. Waganda walipoondoka Mei, wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu waliugeuza mji kuwa uwanja wa vita, na askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwepo walikuwa wachache mno kuwazuia. Juni kikaja kikosi cha Ulaya, Artemis, kikiongozwa na Ufaransa. Mji ukatulia. Lakini kikosi hicho kilitumwa kulinda Bunia tu, na huko vijijini watu waliendelea kuuawa.

Kati ya Septemba 2004 na katikati ya 2005 ukafuata mpango wa kusalimisha silaha. Kijana alifika kituoni, akakabidhi bunduki, akaandikishwa, akapewa fedha kidogo za kuanzia maisha, akaambiwa arudi kwao. Waliopita katika vituo hivyo walizidi 15,000. Kwa hesabu za mradi, kazi ilifanyika. Ila yule kijana aliporudi kwao alilikuta shamba lilelile, lenye ugomvi uleule.

Ugomvi huo una historia. Wakoloni wa Kibelgiji waliwapendelea Wahema katika shule, utawala na ajira, na walowezi wakajikatia mashamba makubwa katika milima ya Djugu. Rais Mobutu alipoyataifisha mwaka 1973, mengi yaliangukia mikononi mwa Wahema wachache waliokuwa karibu na serikali. Mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Kabla ya hati kutolewa, ofisa alitakiwa afike mahali penyewe na kuwauliza wenyeji kama ardhi haina mtu. Mara nyingi hakufika, au alifika akaonana na wakubwa tu. Hati ikishatoka, na miaka miwili ikipita bila mtu kuipinga, haikuwa rahisi tena kuigusa mahakamani. Mkulima asiyejua Kifaransa, anayeishi mbali na ofisi, aliweza kuamka siku moja akaambiwa kwamba anapolima si pake.

Mwaka 1999, katika sekta ya Walendu Pitsi huko Djugu, madai kwamba wenye mashamba makubwa wanatumia hati za hila kupanua mipaka yao yaliwasha moto. Maofisa wa Uganda walichochea, silaha zikaenea, na kufikia 2003 zaidi ya watu 50,000 walikuwa wamekufa. Hata hivyo, Wahema walio wengi hawakuwa na hati wala shamba kubwa. Walikuwa wafugaji na wakulima wa kawaida, nao walichinjwa kwa maelfu. Hata Februari 2022, wanamgambo wa Kilendu wa CODECO walipoivamia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, waliouawa walikuwa watu waliokwisha kupoteza kila kitu.

Palestina ina funzo linalofanana na hili. Sheria ya ardhi ya mwaka 1858 ya Waturuki, waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, iliwataka watu waandikishe mashamba. Wakulima wengi waliogopa kodi na kuingizwa jeshini, hivyo ardhi ikaandikwa kwa majina ya matajiri, wengine wakiwa Beirut. Familia ya Sursock ilipowauzia Wayahudi bonde la Marj ibn Amir miaka ya 1920, wapangaji waliolima pale wakatakiwa kuhama. Hicho si chanzo pekee cha mgogoro wa Wayahudi na Wapalestina. Kuna mateso ya Wayahudi huko Ulaya, tamko la Balfour la 1917 ambalo Uingereza iliwaahidi Wayahudi makao Palestina, na vita vya 1948 vilivyowafukuza Wapalestina wapatao 700,000. Lakini mapatano ya Oslo kati ya Israeli na Wapalestina yalipotiwa saini mwaka 1993, mambo ya mipaka, makazi ya walowezi, Jerusalem na wakimbizi yaliahirishwa. Kilichoahirishwa ndicho kilichoyavunja mapatano.

Ituri nayo imeahirisha. Mahakama ya kimataifa ya The Hague imewahukumu viongozi wa wanamgambo Lubanga, Katanga na Ntaganda, na walistahili; lakini hukumu haichori mpaka wa shamba. Tume ya Ardhi ya Ituri iliundwa ili kupatanisha majirani, ila nguvu zake hazikulingana na ukubwa wa kazi. Desemba 2017 Djugu ikawaka tena. Mwaka 2021 ukatangazwa utawala wa kijeshi na ukaundwa mpango mwingine wa kusalimisha silaha.

Sasa tutazame huku kwetu Mambasa. Wageni wanaotafuta ardhi wanaingia msituni na kulima kakao. Dhahabu inachimbwa Muchacha, huku wenye ramani za hifadhi ya okapi na wenye ramani za migodi wakibishana mpaka uko wapi. Wambuti, waliokuwepo kabla yetu sote, hawana hata karatasi moja. Chifu anapokea fedha, mnunuzi anaondoka na risiti, na jirani anasikia habari baadaye. Djugu ilianza hivihivi.

Kwa hiyo miradi ianzie kwenye ardhi, kabla ya bunduki. Mipaka ikaguliwe kwa miguu, majirani na Wambuti wakiwepo. Kila mauzo yatangazwe kwa Kiswahili sokoni na makanisani. Muda wa kupinga hati uhesabiwe tangu siku wenyeji walipojulishwa. Na wafadhili waulizwe ni migogoro mingapi ya mashamba imemalizika, kwa sababu kijana aliyenyang'anywa shamba hakosi mtu wa kumpa bunduki nyingine.